Nimesomea kiu ya mahindi, sasa nimeitiwa vipepeo: niende?

SWALI

Shikamoo Profesa. Nimemaliza uzamili hapa Morogoro. Utafiti wangu ulihusu jinsi mahindi yanavyojihami na ukame, hasa homoni ya asidi absisiki na namna inavyofunga stomata, vile vitundu vidogo vya kwenye majani. Nimepata nafasi ya uzamivu Ulaya, lakini maabara yenyewe inachunguza jenetiki ya rangi za mabawa ya vipepeo. Msimamizi wangu ameniambia mshika mbili moja humponyoka, na kwamba nikirudi nyumbani hakuna atakayejua aniajiri kama mtu wa mimea au mtu wa wadudu. Mama naye anauliza kama vipepeo wanaliwa. Nimesikia wewe ulipita njia hiihii. Je, nitapoteza miaka yangu? Na kuna kitu gani hasa kinachounganisha mambo haya mawili, au natafuta tu kisingizio cha kupanda ndege?

Mwanafunzi, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na mama, maana swali lake ndilo jepesi. Kwetu vipepeo hawaliwi, ila mwambie kwamba huko Lubumbashi na Kinshasa viwavi wa nondo ni kitoweo cha heshima sokoni, na nondo na kipepeo ni ukoo mmoja. Akicheka, umeshapata nusu ya ruhusa.

Hilo la kisingizio ndilo lililonikalisha chini niandike kwa urefu. Mimi nami nilianza na asidi absisiki, nikaishia kwenye vipepeo, na kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiwaambia watu kwamba "nimehama fani". Siku hizi sisemi hivyo. Nilihama kiumbe. Swali nililibeba lilelile, nikaenda nalo.

Turudi kwenye jani kidogo, kwa faida ya wasomaji wengine, wewe nivumilie. Udongo ukikauka, mmea hutengeneza asidi absisiki. Homoni hiyo ikifika kwenye seli linzi, zile seli mbili zilizokabiliana kama midomo kuzunguka kila stomata, hunaswa na kipokezi, yaani protini iliyoumbwa kuitambua. Kipokezi kikishaishika, hubadilika umbo na kukamata kimeng'enya ambacho kazi yake ya kila siku ilikuwa kumfunga mwenzake mikono. Mfungaji akifungwa, yule mwenzake anakuwa huru, anafungua milango ya chumvi, chumvi inatoka, maji yanaifuata, seli zinanywea na tundu linazibwa. Shughuli yote ni ya dakika chache. Jambo la kuangalia hapo ni kwamba homoni haikutoa amri ya "funga". Iliondoa tu zuio lililokuwa juu ya kitu kilichokuwa tayari kufanya kazi.

Sasa tazama ilivyochukua muda kuyajua haya. Homoni yenyewe ilitambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na watu waliokuwa wakichunguza kwa nini vitumba vya pamba hudondoka na kwa nini machipukizi ya miti hulala wakati wa baridi. Kipokezi chake kilitafutwa kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 2006 jarida la Nature lilichapisha makala iliyodai kimepatikana. Mwaka 2008 makala hiyo ikaondolewa. Nakumbuka sura za watu waliokuwa wameshapanga majaribio yao yote juu ya dai lile. Kisha mwaka 2009 makundi mawili, la Sean Cutler huko California na la Erwin Grill huko Munich, yakafikia familia ileile ya protini kwa njia tofauti, na hiyo ndiyo iliyosimama.

Kwa nini ilichelewa hivyo? Kwa sababu Arabidopsis, kale kammea kadogo ka maabara ambako jenomu yake, yaani maandishi yote ya DNA yake, ilichapishwa mwaka 2000, kana vipokezi 14 vya familia hiyo. Watafiti waliharibu jeni moja, wakatazama, mmea ukaendelea na maisha yake, wakahitimisha kwamba jeni ile haihusiki. Kumbe 13 waliobaki walikuwa wakimfichia ndugu yao. Cutler alifanikiwa kwa kutumia kemikali ya kutengenezwa, pairabaktini, ambayo hushikwa na wachache tu wa ukoo ule, kwa hiyo ukiharibu mmoja wao tofauti inaonekana. Mtu akiniuliza mimea ilinifundisha nini cha kunisaidia kwenye vipepeo, simtajii mashine wala programu ya kompyuta. Namtajia hilo: kimya cha jeni moja si ushahidi kwamba haina kazi.

Haya, tuje kwenye bawa.

Kuna kipepeo anaitwa Bicyclus anynana. Ni wa kahawia, wa kawaida kabisa, anaishi kwenye savana na pembezoni mwa misitu ya mashariki na kusini mwa Afrika, hupenda matunda yaliyooza chini ya miti, na nina hakika umempita mara nyingi bila kumtupia jicho. Mwaka 1988 majike takriban 80 walikusanywa Nkhata Bay, ukingoni mwa Ziwa Nyasa upande wa Malawi, wakapelekwa Ulaya. Uzao wao ndio unaofugwa mpaka leo, kuanzia maabara aliyoiongoza Paul Brakefield huko Leiden hadi ile ya Antónia Monteiro huko Singapore. Mwafrika mwenzetu huyu ana hati ya kusafiria kubwa kuliko yako na yangu.

Sababu ya umaarufu wake ni kwamba ana nguo mbili. Anayekua wakati wa mvua hutoka na madoa makubwa ya mviringo ukingoni mwa mabawa, mfano wa macho. Vunjajungu akimvamia hulenga macho yale ya uongo, kipepeo akapoteza kipande cha bawa na kubaki na kichwa chake. Anayekua kuelekea kiangazi hutoka na madoa madogo, pengine vitone tu, akawa rangi ya jani kavu. Wakati huo hakuna majani mabichi ya kutaga, kwa hiyo hutulia kwenye majani yaliyoanguka na kungoja mvua. Ni jeni zilezile, hata ndugu wa tumbo moja. Kinachowatenganisha ni joto alilokulia kiwavi. Katika maabara ukimkuza kwa nyuzi 27 unapata wa masika. Ukimkuza kwa nyuzi 17 unapata wa kiangazi.

Na joto linafikaje kwenye bawa ambalo bado halijaota? Kwa homoni. Hii inaitwa ekdisoni, ileile inayowaamuru wadudu kujivua ngozi. Kiwavi akishashiba huacha kula na kuanza kutembeatembea akitafuta pa kujining'iniza. Katika siku hizo, waliokulia kwenye joto wana ekdisoni nyingi zaidi. Ndani ya mwili wake, kwenye vibawa vichanga vilivyokunjwa, seli za katikati ya doa la baadaye zina kipokezi cha homoni hiyo, na homoni ikizifikia zinagawanyika zaidi, doa linakuwa kubwa. Kundi la Monteiro lilionyesha mwaka 2015 jambo ambalo lilinifanya nicheke peke yangu ofisini: madoa yasiyojali msimu ni yale ambayo wakati huo yana seli chache zenye kipokezi. Homoni inapita mwili mzima, kila doa linaisikia kwa kadiri ya masikio yake.

Ziweke hadithi hizi mbili sambamba. Mazingira yanabadilika, homoni inatumwa mwili mzima, kipokezi kinaamua nani asikie na nani asisikie, seli zinabadili mwendo. Wewe umekaa na hadithi hiyo miaka miwili ukiitazama kwenye jani la mahindi. Kwenye bawa utaikuta imevaa nguo nyingine. Na usishangae ukifika pale ukaambiwa kwamba viwavi wa Bicyclus hulishwa miche ya mahindi. Kweli kabisa. Wakubwa hulishwa ndizi.

Ila kuna tofauti moja ambayo watu wa mimea huichukulia kirahisi, na iliniumiza. Stomata iliyofungwa saa saba mchana inaweza kufunguka kesho asubuhi. Mmea huuliza na kujibu kila siku. Kipepeo anaulizwa mara moja. Kiwavi akishapita dirisha lile dogo la kusikiliza, bawa limeshaamuliwa na hakuna homoni utakayomchoma ikabadili kitu. Kwa hiyo majaribio ya vipepeo ni majaribio ya saa na siku. Utajifunza kuamka usiku kutazama nani ameacha kula.

Umeuliza kama kuna kinachounganisha. Kuna mahali ambapo hakuna hata haja ya kutafuta mfano, kwa sababu mmea na mdudu wanazungumza uso kwa uso. Mwaka 2018 Masatsugu Toyota, Simon Gilroy na wenzao walimweka kiwavi wa kipepeo wa kabichi juu ya Arabidopsis iliyowekewa protini inayong'aa kalsiamu inapopanda. Kiwavi alipokata jani, mwanga ulianza kusafiri kutoka kwenye jeraha, ukafika kwenye majani ya mbali ndani ya dakika moja au mbili, na majani hayo yakaanza kujiandaa. Kinachowasha wimbi hilo ni glutameti, kemikali ambayo kwenye ubongo wako hubeba ujumbe kutoka neva hadi neva. Nimewaonyesha wanafunzi picha zile zaidi ya mara hamsini, na bado nikizitazama nasogeza kiti mbele.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria, ambako icipe, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa wadudu, ina kituo. Wakulima wengi wanakifahamu kituo hicho kwa kilimo cha sukuma-vuta, ile desmodiamu ya kumfukuza nondo katikati ya mahindi na majani ya mabingobingo ya kumvuta pembeni. Watafiti wa pale walichapisha mwaka 2011 habari za mahindi ya kienyeji na nondo Chilo partellus, mzazi wa funza wa mabua. Nondo alipotaga mayai kwenye jani, kabla funza hata mmoja hajatoboa chochote, baadhi ya mahindi yale yalianza kutoa harufu nyingine, na harufu hiyo ikawaita nyigu wadogo: wale wanaotaga ndani ya mayai ya nondo, na wale wanaotaga ndani ya funza wenyewe. Yaani mmea umeguswa na yai tu, nao umeshawapigia mbiu maadui wa funza ambao hata hawajaanguliwa. Mahindi chotara yaliyopimwa hayakufanya hivyo. Wakulima wa zamani waliochagua mbegu kwa kuangalia gunzi lililopona walikuwa wakichagua na mambo ambayo hakuna aliyeyaona kwa macho.

Nimelitaja hilo kwa makusudi, kwa ajili ya msimamizi wako. Viwavijeshi vamizi waliripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, na 2017 walikuwa wameshaingia Tanzania. Nao ni watoto wa nondo, na chakula wanachokipenda ni mahindi. Sasa niambie: taasisi ya utafiti wa kilimo inayotafuta mtu wa tatizo hilo itamtaka nani? Anayejua jinsi mahindi yanavyopigana lakini hajawahi kufuga kiwavi, anayejua jenetiki ya nondo lakini hajui mahindi yanasema nini, au aliyekula chumvi ya pande zote mbili? Simlaumu msimamizi wako. Anakutakia mema, na methali aliyokupa ni ya kweli kwa mtu anayeshika vitu viwili kwa wakati mmoja. Wewe unashika kimoja baada ya kingine.

Na ukitaka wazee wa kumtajia, wapo. Cyril Clarke alikuwa daktari wa hospitali huko Liverpool aliyefuga vipepeo kwa mapenzi yake. Pamoja na Philip Sheppard alichunguza Papilio dardanus, kipepeo wa misitu yetu. Dume ni wa manjano mwenye mikia; majike wana sura nyingi mbalimbali, wengi wakiiga vipepeo wenye sumu kiasi kwamba Roland Trimen alipoandika mwaka 1869 kuwa wote ni mke na mume wa spishi moja, wapo waliomdhihaki. Clarke alikuwa akiwapandisha kwa mikono yake, dume mkono huu na jike mkono huu, na akaonyesha pamoja na mwenzake kwamba sura zile zote hurithiwa kama swichi moja. Mawazo hayo ya jeni zinazokaa pamoja na kurithiwa kwa pamoja yakampeleka kwenye makundi ya damu, kisha kwenye Rhesus, alama ya damu ambayo mama asiye nayo anaweza kumdhuru mtoto aliye nayo tumboni, na katika miaka ya 1960 yeye na wenzake wakawa miongoni mwa waliotengeneza njia ya kumkinga mtoto kwa kumchoma mama sindano ya anti-D. Kila mama mwenye damu ya Rhesus hasi aliyepata sindano ile Muhimbili au popote anadaiwa shukrani kidogo na vipepeo.

Mfano wa pili unatoka upande wako, upande wa mahindi. Barbara McClintock aliyachunguza mahindi maisha yake yote. Katika miaka ya 1940 aliona kwamba kuna vipande vya DNA vinavyohama kutoka sehemu hadi sehemu, na punje zikabadilika rangi. Watu hawakujua wamfanye nini. Alipopewa Nobel mwaka 1983, hotuba yake ilikuwa juu ya jinsi jenomu inavyojibu misukosuko. Haya, nenda Uingereza, kwenye yule nondo mwenye madoadoa aliyegeuka mweusi enzi za moshi wa viwanda, anayetajwa katika kila kitabu cha baiolojia cha sekondari. Mwaka 2016 kundi la Ilik Saccheri huko Liverpool lilionyesha kilichomfanya mweusi: kipande kinachohama, chenye herufi karibu 22,000, kilichojipachika ndani ya jeni iitwayo cortex. Alichokiona McClintock kwenye gunzi ndicho kilichompaka nondo masizi.

Hadithi hiyo ina mkia, na mkia ndio ninaoupenda. Katika toleo lilelile la Nature lililochapisha habari za nondo huyo, kundi lingine lilionyesha kwamba cortex inahusika na rangi za vipepeo wa Heliconius wa Amerika ya Kusini. Tukaifundisha hivyo kwa miaka minane: cortex ni jeni ya rangi. Mwaka 2024 tafiti kadhaa, mojawapo ya Bicyclus wetu, zikaonyesha kwamba fundi mwenyewe si protini ya cortex. Ni RNA, nakala ya DNA, isiyotengeneza protini, inayosomwa kutoka eneo lilelile, jirani wa mlango kwa mlango. Mahali palikuwa sahihi, mtu hakuwa yeye. Aliyetoka kwenye asidi absisiki, akaona kipokezi kikitangazwa na kufutwa, hakushtuka sana.

Sasa mabaya, maana nisipoyasema utasema Profesa alinipamba.

Mikono yako itakuwa mikono ya mtoto tena. Mbegu za Arabidopsis unaziweka kwenye bahasha, unaziandika tarehe, unaenda likizo, unarudi baada ya miaka mitano unazipanda. Mahindi vilevile ukiyahifadhi vizuri. Kipepeo hana bahasha. Uzao wako lazima uwe hai kila siku, kila kizazi, Krismasi na Idi. Mmea wa Arabidopsis unajichavusha wenyewe, kwa hiyo baada ya vizazi vichache una mstari safi usiobabaisha. Ukimlazimisha Bicyclus kuzaa kaka na dada, mayai mengi hayaanguliwi. Kila ulichozoea kukiita "kurudia jaribio" utakifikiria upya.

Nikusimulie aibu yangu. Miezi yangu ya kwanza na viwavi, nilipewa chumba cha kuoteshea mahindi, nikaona vidukari. Mtu wa mimea akiona vidukari anafanya nini? Nikapuliza dawa. Sikufikiri hata sekunde mbili. Mikono ilifanya yenyewe, kama ilivyofanya kwa miaka kumi. Siku tano baadaye nikawakatia viwavi majani yale, mabichi, mazuri, yasiyo na kidukari hata mmoja. Asubuhi nilikuta sakafu ya vizimba imejaa. Vizazi vinne vya kazi ya mwanafunzi mwingine, si yangu. Hakunisema. Alifagia, akanikabidhi ufagio, akaenda zake. Nilichokuwa nimejifunza vizuri kuliko vyote katika taaluma yangu ya kwanza ndicho kilichoua ya pili.

Kwa hiyo hesabu mwaka mzima, pengine na nusu, ambao utakuwa mzigo kwa wenzako. Ndiyo gharama halisi, na ndiyo sababu nataka uulize mambo fulani kabla hujasaini. Uliza ni nani atakayekufundisha kufuga, jina lake na kama mkataba wake unafika mwaka wako wa pili. Maabara nyingi zina fundi mmoja anayejua kila kitu, akistaafu vipepeo wanakufa. Uliza kama utapewa swali au utapewa mradi. Mradi ni wa msimamizi, swali litakuwa lako. Na kabla hujapanda ndege, andika makala ya mahindi yako. Usiende ukisema utaimalizia huko. Hutaimalizia. Nimewaona wengi, na mimi mwenyewe nina data ya mtama ya miaka mingi iliyopita ndani ya diski ambayo hakuna kompyuta inayoisoma tena.

Ukitaka kupunguza ule mwaka wa utoto, nenda ukakae wiki mbili Gede, karibu na Malindi, kwenye mradi wa Kipepeo. Tangu 1993 wanakijiji wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke wamekuwa wakifuga vipepeo na kuuza mabundo yao, yaani viwavi waliokwisha kujifunga kungoja kuwa vipepeo, kwa maonyesho ya nje. Sitanii. Kuna kina mama pale wanaojua ni jani gani la mti gani, la umri gani, kiwavi gani atalikubali, na ni ugonjwa gani unaoingia kizimbani ukizidisha unyevu. Maprofesa wengi wa jenetiki hawana ujuzi huo. Amani, Usambara Mashariki, nako kuna watu waliofuga hivyo.

Suala la kurudi nyumbani nalo lianze sasa, lisingoje mwisho. Chagua kipepeo ambaye maswali yake yako hapa. Nikupe mmoja: Danaus chrysippus, yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi na nyeupe anayeruka taratibu hata juu ya majalala, kwa kuwa ana sumu na hana haraka. Kwenye eneo la Nairobi sura zake mbalimbali hukutana na kuzaana. David Smith na Ian Gordon waliwafuatilia kwa miaka mingi, wakikuta mahali ambapo karibu wote ni majike. Kuna bakteria, Spiroplasma, anayepita kutoka mama hadi yai na kuua viini vya kiume. Mwaka 2020 Simon Martin na wenzake walionyesha kwamba kromosomu W, ambayo kwa vipepeo hubebwa na jike tu, imeungana na kromosomu yenye jeni za rangi. Bakteria na kromosomu hiyo wote husafiri kwa mama, kwa hiyo bakteria akienea, rangi inaenea naye, iwe inamfaa kipepeo au haimfai. Na viwavi wa huyu hula mimea ya utomvu mweupe wenye sumu, ambayo ukame unaitikisa kama unavyoyatikisa mahindi yako. Unaona mikono yako ya zamani inavyopata kazi?

Ila ukiamua hivyo, karatasi kwanza. Kibali cha utafiti cha COSTECH kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya, na vibali vya wanyamapori juu yake. Tangu Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa unaosimamia matumizi ya rasilimali za kijenetiki za nchi, ianze kutumika Oktoba 2014, huwezi kuweka mabawa kwenye bahasha ukayapeleka Ulaya kama walivyofanya mababu zao. Anza kuomba miezi mingi kabla, na usikubali msimamizi wa huko akwambie ni mambo madogo. Jina lililo kwenye kibali ni lako.

Kuhusu kuajiriwa, acha kujiita mtu wa mimea, wala usijiite mtu wa vipepeo. Mimi kwenye wasifu wangu niliandika kwamba nachunguza jinsi viumbe vinavyosoma mazingira na kubadilika. Sentensi hiyo imenipitisha kwenye usaili wa idara ya botania na wa idara ya zuolojia. Wa botania waliniuliza kwa nini niliondoka. Wa zuolojia hawakuniuliza chochote, walitaka tu kujua kama naweza kufundisha takwimu. Naweza, nikapata kazi. Takwimu zako za majaribio ya ukame, vitalu, jinsi nasaba na mazingira vinavyoathiriana, ndizo mali utakayofika nayo Ulaya ikiwa imara kuliko ya wenzako wa vipepeo. Usizidharau.

Nenda, mwanangu. Maliza makala, mpitie msimamizi wako umuage kwa heshima na umwombe abaki kwenye kamati yako kama kanuni zinaruhusu. Na siku ya kwanza utakapoonyeshwa chumba cha mahindi ya viwavi, ukaona vidukari, rudisha mikono mfukoni na umwite fundi.